Mwaka mzima hakuna aliyeugua

Jua la saa nne limeshapanda Tunduma, upepo wa Agosti unapeperusha vumbi kutoka upande wa Mpemba, na Gwantwa Kibona yuko juu ya lori la mbolea, amekunja miguu kama mtu aliyekaa kwenye mkeka wa nyumbani kwake. Mkononi ana sindano ya kushonea magunia. Mbele yake turubai limechanika, mchaniko mrefu kama mkono wa mtu mzima, naye anaufunga taratibu kwa uzi wa nailoni aliousugua nta.

Dereva amesimama chini, mikono mfukoni. Bei haijampendeza.

"Mama, kwani mvua iko wapi? Mwezi wa nane huu."

"Mvua iko njiani, kama wewe," Gwantwa anamjibu bila kuinua kichwa. "Turubai linashonwa kiangazi, baba. Masika ni ya kulitumia. Ukisubiri mawingu ndipo unitafute, utanikuta nimezungukwa na wenzako, na bei yangu hutaitambua."

Dereva anaguna, kisha anacheka, kisha anatoa pesa. Foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia haijasogea tangu jana, na mtu aliyekwama mahali hapendi kugombana na fundi pekee aliyekubali kupanda juu kwenye upepo huu.

Kando ya tairi amekaa Loisi, mjane wa Kinyiha kutoka Ihanda, fundi maturubai mwenzake na shoga yake wa miaka mingi. Leo kazi yake ni kukata viraka. Ameyasikia yote.

"Mama Lucky," anapaza sauti, "hayo maneno hebu yarudie polepole, na wewe uyasikie."

Gwantwa anajua anasemwa kwa lipi. Bima yake ya afya inakwisha Jumamosi, na ameshawatangazia watu wote wa foleni kwamba hailipii tena.

"Turubai bovu naliona kwa macho," anamjibu. "Huo ugonjwa uko wapi, nipande nikaushone?"

Mwaka jana, mwezi kama huu, Gwantwa alilipa shilingi laki tatu na nusu kwa kampuni moja binafsi ya bima, kwa ajili yake, mume wake Fanueli na watoto wao watatu. Mwaka umekatika. Hakuna aliyelazwa, hakuna aliyechomwa hata sindano. Kadi yake na za watoto zimekaa kabatini chini ya vitenge mpaka zimenukia dawa ya nondo.

Sasa amekusanya tena pesa kama hiyo, na safari hii ina mwenyewe. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, mfanyabiashara mmoja aitwaye Abrahamu anamshikia cherehani ya mtumba, ile nzito ya kushonea maturubai na mahema. Amemwambia atamshikia mpaka Jumamosi hiyohiyo. Pesa ni moja. Ikienda kwenye bima, cherehani itakwenda kwa mtu mwingine.

Na cherehani kwake si mapambo. Gwantwa ana miaka arobaini na mitatu, na bega lake la kulia humwambia habari za baridi kabla redio haijasema. Siku nzuri humpa elfu kumi na tano. Siku mbaya hurudi nyumbani na uzi wake. Akipata cherehani, malori yatamletea maturubai chini, kwenye kibanda, naye atashona kwa saa moja kile anachokishona leo kutwa nzima.

"Nimeamua kabisa," anasema. "Nimeshamwambia na Mungu."

* * *

Gwantwa alizaliwa kwenye milima ya Ileje, nyumba ya wakulima wa kahawa na mahindi, akaja Tunduma mwaka 1998 akimfuata Fanueli, seremala aliyekuwa ameanza kupata jina kwa kutengeneza bodi za mbao za malori. Mwanzoni alishona magunia ya mpunga uliotoka Kamsamba. Siku moja mvua ikamkuta dereva mmoja na shehena ya saruji na turubai lenye tundu. Dereva akalia kwa kila mtu, akasaidiwa na yule dada wa magunia aliyekuwa na sindano mkononi.

"Nilipanda nikitetemeka," anasimulia. "Niliposhuka, nilikuwa nimepata pesa ya magunia ya wiki nzima. Nikasema, kumbe huku juu ndiko kwenye neema."

Tangu hapo anajulikana foleni nzima. Madereva wa Kizambia humwita Bamayo, kwa heshima ya mama kwa Kibemba, na wengine humpigia simu wakiwa bado Makambako ili awawekee nafasi. Ni mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu, na ukimkuta amenyamaza ujue ana sindano mdomoni.

Watu wa foleni wana desturi yao. Mtu akiugua au akiumia, awe dereva, mpika chakula, mbeba mizigo au fundi, dereva aliye karibu naye huvua kofia, hutia pesa ya kwanza, na kuipeleka kwenye lori la mbele. Kofia hutembea lori kwa lori hadi kwenye geti la mpaka, kisha hurudi kwa upande wa pili ikipitia kwa akina mama wa chakula na vibarua. Mkono huingia umefumbwa na kutoka wazi, ili asijulikane nani katia nini. Ikifika kwa mgonjwa huwa na shilingi, kwacha, na wakati mwingine hata faranga za Kongo.

Miaka mitatu iliyopita kofia hiyo ilipita kwa ajili ya Gwantwa mwenyewe. Sindano ilimtoboa kiganja, mkono ukavimba kama andazi, akatetemeka homa siku kadhaa. Foleni wakati ule ilikuwa ndefu kupita kiasi.

"Kofia ilirudi imejaa mpaka ikabidi waongeze ya pili," anasema. "Nikatibiwa, nikapona, na bado nikanunua unga. Kwa hiyo watu walipoanza kutuletea habari za bima nilicheka. Bima si tunayo, tena inavaliwa kichwani."

Kilichomnyamazisha ni mkasa wa Barnaba, mbeba mizigo kutoka Ndalambo, kijana wa mabega mapana aliyezoea kubeba gunia huku akiimba kwaya. Gunia lilimwangukia akavunjika mguu. Kofia ikavuliwa kama kawaida. Lakini wiki ile, kwa sababu ambazo hakuna aliyezielewa, makaratasi ya mpakani yalikwenda haraka kama yamepakwa mafuta. Malori yalifika na kuvuka. Foleni haikufika hata kwenye kituo cha kwanza cha mafuta, na watu wote walikuwa wakishangilia.

"Kofia iliondoka, chai haijapoa ikawa imerudi," anasema Gwantwa. "Ukiangalia ndani unaona kitambaa. Hatukumnyima Barnaba. Watu hawakuwepo."

Barnaba yu hai, yuko kwao Ndalambo, analima mahindi na hutuma salamu kila mwenye safari anapopita. Lakini mguu uliunga kwa kupinda, na kwenye magunia hajarudi. Ndugu zake waliuza walichokuwa nacho, na kilikuwa kidogo.

Gwantwa hakuacha kuwaza. Foleni wanayoilaani kila siku ndiyo iliyokuwa ikiwatibu. Na kila mwaka wanaambiwa taratibu za mpaka zitarahisishwa, lori litafika asubuhi na kuvuka kabla ya chakula cha mchana. Yeye mwenyewe anaomba iwe hivyo, maana nchi lazima iende mbele.

"Ila nikajiuliza, siku hiyo ikifika, kofia itapita kwa nani?"

* * *

Ndipo akatokea Venance, kijana wa bima, na pikipiki yake na tai iliyogeuka rangi kwa vumbi. Aliwakuta mafundi maturubai watano, wote wanawake, wakiwa wamejiandaa. Walikuwa wameshajadiliana, wamechanga, na Loisi ndiye aliyeshika pesa.

"Shikamooni akina mama."

"Marahaba mwanangu," Loisi akaitikia na kumkabidhi bahasha. "Tupe bima ya kadi moja."

"Ya nani?"

"Ya atakayeugua."

Venance alidhani anataniwa. Akawaeleza kwamba kadi ina jina la mtu, tena ina picha. Hilo halikuwatisha. Wao walikuwa wamezoea kofia, na kofia haina jina. Humwendea aliyeangukiwa na zamu.

"Weka picha ya Mama Lucky," Loisi akasema. "Ndiye mwenye mkosi wa sindano. Akiugua mwingine kati yetu, siku hiyo atajiita Gwantwa."

"Na waume zenu, nao watajiita Gwantwa?"

"Wanaume hawaugui," Loisi akamjibu. "Wanalala tu."

Kijana alicheka mpaka akakaa juu ya tairi la akiba. Alipopata pumzi akawafafanulia taratibu. Kofia inamchangia aliyekwisha kuugua. Bima inamchangia ambaye hajaugua, na pengine asiugue. Loisi alimsikiliza vizuri sana hadi mwisho, akanyoosha mkono, akachukua bahasha yake na kuwagawia wenzake chao.

Gwantwa ndiye aliyebaki na maswali. Kadi ya afya ya jamii, ile ya serikali, anayo, na kwa malaria na kikohozi cha watoto huenda nayo kwenye kituo chake cha afya bila wasiwasi. Alichokuwa akikifikiria ni mguu wa Barnaba, mambo ya kulazwa na kupasuliwa.

"Nisipougua mwaka mzima, mtanirudishia?" alimuuliza Venance.

"Hapana, mama."

"Kwa hiyo niombe niugue ili nifaidi, au niombe uzima ili nile hasara?"

Venance alikuna kichwa. "Mama, hilo swali hata mafunzoni hatukupewa jibu lake."

Jibu hilo ndilo lililomvuta. "Angenidanganya ningemfukuza," anasema. "Kijana wa kuuza kitu akikiri hajui, huyo msikilize." Akalipa. Pesa ile nayo ilikuwa ya cherehani, akiba ya miaka miwili.

Nyumbani Fanueli hakugomba. Afadhali angegomba. Fanueli ni mtu wa utani mkavu, anayeweza kukuchoma na asiinue uso kutoka kwenye ubao anaoupiga randa. Aliipokea kadi yake yenye picha, akaigeuza upande wa pili, akaitupia kwenye kopo la misumari.

"Wahenga walisema akiba haiozi," akamwambia mkewe. "Hii yako inaoza kila Agosti."

Na kuanzia hapo hakumpumzisha. Mtoto akipiga chafya, Fanueli alisema, "Mkimbizeni hospitali tukakomboe hela yetu." Jirani akivunjika jino alimwonea wivu. Siku Lucky, binti yao mkubwa, alipojikwaa uwanjani akainuka mzima, baba yake alitikisa kichwa kwa masikitiko. Foleni nzima ilizipata hizo habari na kuzicheka, na Gwantwa naye alicheka, kwa kuwa zinachekesha. Lakini miezi ilivyokwenda, kicheko kikaanza kumwingia. Laki tatu na nusu ni pesa. Na bega linauma.

Kulikuwa na jambo jingine lililomkereketa, ambalo hakulisema kwa watu. Tangu baada ya Pasaka, kila mwezi Fanueli alisafiri kwenda Ihanda kutafuta mbao. Aliondoka asubuhi amevaa shati jeupe, lile la kanisani, na kurudi jioni hana hata fito.

"Mbao zilikuwa mbichi," angesema. Mwezi uliofuata zilikuwa zimepinda. Mwezi mwingine mwenye mbao hakuwepo.

Loisi, ambaye Ihanda ni kwao na anawajua wenye mbao wote, hakuweza kujizuia. "Mama Lucky, mbao gani hizo zinafuatwa na shati la ibada?"

"Nilicheka naye," anasema Gwantwa. "Nikibaki peke yangu sikucheka. Mwanamume wa miaka hamsini kuanza kupiga pasi mwenyewe, hilo si jambo dogo."

* * *

Alhamisi ya wiki ile, siku mbili kabla bima haijakwisha, Gwantwa alimpelekea mumewe chakula cha mchana kwenye eneo la maegesho ya malori anakofanyia kazi. Alikuwa na furaha. Alikwenda kumpa ushindi wake.

Fanueli alikuwa amepiga goti, anapima ubao wa lori la Mbozi. Gwantwa aliweka sufuria ya wali na maharage juu ya meza ya randa, akamwambia: "Baba Lucky, umenishinda. Kesho navuka Nakonde kulipia cherehani. Bima basi."

Alitegemea kejeli. Alitegemea angalau "nilikwambia." Fanueli aliendelea kupima ule ubao, akaupima tena, na aliyekuwa karibu angeona kwamba haupimi kitu.

"Usiiache," akasema.

"Nini?"

"Bima. Usiiache."

Gwantwa alidhani ni utani mwingine, akasubiri umalizike. Haukumalizika. Fanueli alikaa kwenye rundo la mbao, akavua kofia, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze akamtazama mkewe usoni wanapozungumza habari za kadi.

Wiki moja baada ya Pasaka, alisema, alikuwa juu ya bodi ya lori akipiga misumari, dunia ikazunguka. Alishika ubao kwa mikono miwili akakaa hapohapo juu, akiwaambia waliokuwa chini kwamba anatafuta msumari ulioanguka. Alikaa mpaka ilipotulia, akashuka. Jioni akaitafuta ile kadi kwenye kopo. Kesho yake alivaa vizuri, akapanda gari la Vwawa, akaingia hospitali iliyomo kwenye orodha ya kampuni.

"Walinipima presha mara mbili," alimwambia mkewe. "Nesi akamwita daktari. Daktari akaniuliza nimefikaje pale kwa miguu yangu. Hawakuniruhusu kutoka mpaka jioni. Sasa nina vidonge, nakunywa kila siku, na kila mwezi wananipima."

Gwantwa aliifunika tena sufuria ya wali.

"Na Ihanda?"

"Ihanda gari linapita tu."

"Na mbao?"

"Mbao sijawahi hata kuuliza."

Hapo Gwantwa akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, na mafundi wa magari ya jirani wakageuka kutazama. Anapolieleza leo bado anajifuta macho.

"Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke," anasema. "Nilishampangia na maneno ya kumwambia, maneno mazuri kabisa. Kumbe mwanamke mwenyewe ni nesi wa presha."

Kicheko kilipoisha kikaja kilio, palepale kwenye vumbi la randa. Fanueli akamsogezea kigoda.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikataza kupanda malori. Ndiyo ugali wetu. Halafu ningekwambiaje, mama? Baada ya yote niliyoyasema? Nimeicheka kadi mwaka mzima. Kila nikitaka kukwambia nasikia kile kicheko changu."

Gwantwa anasema hakulia kwa sababu ya presha, kwa kuwa presha ina dawa na watu wanaishi nayo. "Nililia kwa sababu mume wangu alikaribia kudondoka kutoka juu ya lori, na kitu alichoogopa kuliko kudondoka ni mimi kujua kwamba nilikuwa sahihi. Na mimi huku nawatangazia watu kwamba mwaka mzima hakuna aliyeugua."

* * *

Ijumaa alivuka Nakonde, lakini bila pesa ya cherehani. Abrahamu alikuwa ameshaipaka mafuta na kuifuta, ikang'aa dukani kama mpya. Alimwambia, "Bamayo, Jumamosi bado, sina haraka na wewe." Gwantwa akamwomba ampe mwenye shida nayo. Kabla ya kutoka alilizungusha gurudumu lake mara moja kwa mkono, likaenda laini kabisa bila kelele.

"Iliniuma," anasema, na hafichi. "Msiandike kwamba nilirudi nafurahi. Nilirudi njia nzima nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani."

Jumamosi Venance alikuja na pikipiki yake, amejiandaa kumbembeleza, akakuta pesa iko mezani. Theluthi yake ilitoka mfukoni mwa Fanueli, ambaye kwa siku hiyo alikuwa mpole kama mwari. Watoto walipiga picha mpya kwa sababu sura zao zimeshabadilika.

Loisi hakuachia mambo yapite hivihivi. Yeye ni mtu wa hoja, na hoja yake ilikuwa na uzito. Alikuwa ameulizia duka la dawa.

"Vidonge vya presha vya mwaka mzima havifiki hata nusu ya hela uliyotoa," alimwambia Gwantwa wakiwa wanashona lori la ngano. "Si ungemnunulia tu, na cherehani ukapata mwakani kwa urahisi?"

"Ningemnunulia kama ningejua anaumwa."

"Angejua mwenyewe."

"Fanueli?" Gwantwa alisimamisha sindano. "Unamjua Fanueli. Huyo mtu atoe hela yake mfukoni, apande gari, akamlipe daktari kwa sababu ya kizunguzungu? Angekunywa maji ya ndimu akarudi juu ya lori. Unajua kwa nini alikwenda? Alikwenda kwa hasira. Aliona kampuni imekula hela yetu, akasema ngoja nikawakomoe kidogo. Ndivyo alivyoniambia mwenyewe. Hela ingekuwa haijaliwa, asingekwenda."

Loisi alishona hatua kadhaa. Halafu akasema hiyo nayo ni kweli, ila yeye hana mume wa kukasirika, ana mtoto mmoja na pesa ya mahindi ambayo haijaingia. Amemuuliza Venance kama kuna bima ndogo ya mtu wa namna yake. Venance ameahidi kuuliza Mbeya. Loisi anasema akiahidi mara ya pili bila jibu ataendelea na kofia yake, Mungu anamwona.

Na kofia bado inatembea. Wiki iliyopita ilipita kwa ajili ya mama mmoja mpika chai aliyeungua maji ya moto. Foleni ilikuwa ya wastani, kofia ikarudi na cha kumtosha. Gwantwa alitia mkono wake kama kila mtu, umefumbwa, ukatoka wazi. Anasema kadi haimwondoi kwenye kofia. Watu walimchangia akiwa na homa bila kumuuliza jina, na deni hilo haliishi kwa kununua bima.

Fanueli bado anapanda malori, lakini kwa masharti. Asubuhi hatoki nyumbani bila kumeza kidonge mbele ya mkewe, na juu ya bodi hapandi akiwa peke yake. Shughuli ya safari za Vwawa haina siri tena. Mwezi huu Gwantwa alifuatana naye, akapimwa na yeye, akaambiwa yuko sawa ila apumzishe bega. Alimwambia daktari kwamba ushauri ni mzuri na malori hayajausikia.

Kibanda ameshakiona, kiko karibu na maegesho, mwenye nacho anakubali kodi ya miezi mitatu mitatu. Cherehani ya Abrahamu ilinunuliwa na fundi viatu kutoka Mpika, hukohuko Zambia. Abrahamu amesema nyingine zitakuja, huwa zinakuja kabla ya Krismasi, na Fanueli ameapa kwamba hiyo ataichangia yeye, kwa pesa ya mbao za kweli. Gwantwa anapiga hesabu ya kukifungua kibanda mwakani, mwezi wa sita, kabla vumbi halijaanza. Anataka kibandani kwake kuwe na kiti cha dereva kukaa, na sufuria ya chai, ili mtu asipate kisingizio cha kuondoka na turubai bovu.

Wiki kadhaa zimepita, naye yuko tena juu ya lori; chini, dereva mwingine anamwita. Ana lori la mitumba na turubai lenye matundu kama chujio. Gwantwa anafunga fundo la mwisho, anakata uzi kwa meno, anaanza kushuka kwa tahadhari, mguu mmoja baada ya mwingine. Akiwa katikati ya ngazi anaulizwa kama sasa ana jibu la lile swali alilomuuliza kijana wa bima, la kuomba ugonjwa au kuomba hasara.

"Ninalo," anasema. "Mwaka jana niliona uchungu hela ikiisha bila mtu kuugua. Mwaka huu, ukitoa vidonge vya Baba Lucky, nimeomba hasara. Waile yote. Waile mpaka senti ya mwisho, wasinirudishie kitu."